Athene ya Nyumbani kwa Bibi

Ijumaa. Joto limerudi Maskati, na leo tumewasha viyoyozi kwa mara ya kwanza tangu baridi iishe. Nimecheka mpaka mbavu zinaniuma, tena aliyechekwa ni mimi.

Wiki hii nzima nimekuwa nikiwasomesha wanafunzi wangu demokrasia ya Ugiriki ya kale. Nikaenda nayo kichwani hadi nyumbani kwa Bibi, hapa Ghubra, tunakokula pamoja kila Ijumaa baada ya sala.

Kulikuwa na jambo la kuamuliwa. Bibi anakwenda Unguja mwezi ujao kumtazama dada yake. Nyumba ya dada mtu ni ndogo, kwa hiyo atafuatana na mjukuu mmoja tu. Wajukuu wote tunataka, lakini mimi nataka kuliko wote. Marehemu Mama alizaliwa huko, akaletwa huku mdogo, akaishi akiisimulia Unguja hadi mwisho, wala hakujaaliwa kurudi. Nataka kuiona ile baraza aliyokuwa akiitaja.

Mjomba Nassor akasema tupige kura. Nikanywea. Katika kura za ukoo wetu, mshindi siku zote huwa binti yake, Salma: daktari, mcheshi, kipenzi cha wote.

Basi nikasimama na somo langu. Nikawaeleza kwamba siku hizi tunamchagua mtu akatusemee, lakini Waathene walikwenda wenyewe mkutanoni, wakasema, wakanyoosha mikono mbele ya macho ya wenzao. Na vyeo vingi waligawana kwa bahati nasibu, maana waliona uchaguzi huwapendelea wenye majina. Nilisema vizuri, hata kama najisifu. Salma mwenyewe akakubali.

Tukaandika majina, tukayatia ndani ya birika tupu la kahawa. Mjomba akalitikisa, kikadondoka kikaratasi kimoja. Jina langu!

Nikaruka kama mtoto.

Bibi muda wote alikuwa pale pale, anakula halua yake. Akauliza kwa upole, je, huko Athene vikongwe wa kike nao walinyoosha mikono? Nikamjibu hapana, wanawake hawakuhesabiwa, wala watumwa, wala wageni. Waliobaki nje walikuwa wengi kuliko waliokuwemo. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na leo, nikaongeza, kwa sauti yangu ya darasani.

"Basi nyie ndo Wagiriki wenyewe," akasema. "Mie ndo nnosafiri, na hapana hata mmoja alieniuliza nnamtaka nani."

Tukatazamana. Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, halafu nyumba nzima ikamfuata, na vidole vyote vikanielekea mimi.

Bahati nasibu ikafutwa papo hapo. Bibi akatangaza kwamba mpiga kura ni mmoja, naye ni yeye, na kila anayetaka safari aje ajieleze. Salma akazungumza habari za presha ya Bibi na dawa za njiani, na kusema kweli yalikuwa maneno ya maana. Zamu yangu ilipofika, ufasaha wote ulinikimbia. Nikasema tu kwamba nataka kukaa kwenye baraza ya Mama. Machozi yakanitoka mbele ya watu, nikaona haya.

Bibi kasema jibu tutalipata Ijumaa ijayo, na kabla ya hapo asisumbuliwe, kwani kura ni siri. Hapo amewaacha Wagiriki na mikono yao hewani.

Wakati wa kuaga nikambusu kichwani kama kawaida. Akanivuta karibu, akaniuliza kwa kunong'ona sikioni kama nina viatu vya mvua, maana mwezi ujao Unguja ni masika.

Nikamwambia sina. Sikuuliza zaidi.

Kesho naingia madukani kuvitafuta, ingawa katika jua hili la Maskati sijui nani anauza viatu vya mvua. Salma, alhamdulillahi, hasomi blogu hii.