Mimi na Twiga, Dawati la Nyuma

Jumatatu, 4 Machi

Twiga hayupo. Wanamwita hivyo kwa urefu wake, naye hajawahi kulalamika. Mwalimu wa darasa ametutangazia: mama yake amefariki hospitalini. Sikujua hata kwamba mama yake anaumwa. Mimi na Twiga hatuulizani mambo. Mapumziko tunakaa maktaba, kila mtu na kitabu chake. Kengele ikilia tunatazamana, basi. Kiranja hututania: "Nyinyi mkigombana, nani atajua?"

Jumanne, 5 Machi

Darasa zima limekwenda msibani na basi la shule. Mimi nimebaki. Namjua Twiga — watu wakizidi watatu anatafuta ukuta wa kuegemea. Leo kundi zima la kumshika mkono na kumpa pole! Nitakwenda wakishatawanyika. Ndivyo ningependa nifanyiwe mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Kiranja anasema Twiga hakulia. Alisimama kibarazani akiwatazama wanaoshuka, mmoja mmoja, mpaka dereva akafunga mlango wa basi. Kisha akaingia ndani, hakutoka tena.

Nimemuuliza kama ana hakika.

"Sasa nikudanganye nipate nini?"

Sahani nimeirudisha jikoni imejaa. Mama nimemwambia kichwa kinauma.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda. Shangazi yake alinifungulia, ufagio mkononi. Akauliza kama mimi ndiye wa dawati moja na Twiga. Nikaitikia.

"Tulikungoja, mwanangu."

Akaniambia mjomba anamchukua Twiga leo hii. Atakaa kwake, asome huko huko.

Chumbani godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani. Twiga alikuwa sakafuni, amenipa mgongo, anakunja nguo za mama yake. Nikakaa. Kama maktaba, ila bila vitabu. Maneno niliyoyapanga njiani yote yaliyeyuka.

"Nilidhani hutaki watu," nikasema.

Akakunja gauni. Akalikunjua. Akalikunja tena.

"Kwani wewe ni watu?"

 

Nje honi ikalia. Mjomba akamwita Twiga: haya mama, twende, safari ndefu. Twiga hakuinuka. Alivuta shuka kubwa, akahangaika nalo peke yake, likawa linamponyoka. Nikashika pembe mbili za upande wangu. Hakunitazama. Hakuninyang'anya pia. Tukainuka nalo, tukasimama hivyo, shuka limetanda katikati yetu, hakuna aliyesogea.

Honi ikalia tena.