Mbuzi wa Mahari Hawana pa Kwenda

Shangazi Gladwell,

Wasalimie watu wa gazeti, kisha unisaidie upesi, maana mimi ni mzee wa kanisa na jambo hili limenishinda hata kuliombea.

Naitwa Naftaly, niko hapa Githongo, nina kahawa kidogo na mbuzi wa maziwa, wale wakubwa wa kisasa, na ukitaka kunificha jina usijisumbue, kwa sababu nikishataja mbuzi wangu kila mtu kutoka hapa mpaka Kiirua atajua ni mimi. Kuna Malkia ambaye ndiye mama wa zizi lote, kuna Sukari bintiye, na kuna Seneta, dume, ambaye hali jani lililoanguka chini hata awe na njaa namna gani. Wote wameandikishwa kwa chama chetu cha wafugaji, kila mmoja ana namba sikioni, na chama kinajua baba yake ni nani, mama yake ni nani na babu yake alitoka kwa boma la nani, kwa sababu hapa kwetu mbuzi asiye na namba hakuna atakayemwangalia mara mbili hata akijaza ndoo.

Sasa nikueleze shida. Kijana wangu Kirimi, fundi wa pampu za maji huko Meru mjini, alileta mwanamke nyumbani, anaitwa Sheila, na sisemi ni mbaya, ana adabu, anajua kazi, na chai yake haina maji mengi. Lakini tulipokaa naye tumuulize kwao ni wapi, kama desturi inavyotaka ili tujue mbuzi wa mahari tutawapelekea nani, akasema mama yake aliletwa kutoka Burundi akiwa msichana mdogo na watu waliokuja kuchuna majani chai, akafariki wakati yeye bado ananyonya, baba hamjui, ndugu hana, na aliyemlea ni mama mmoja wa Embu anaitwa Ruguru, mkulima wa chai, ambaye si damu yake na wala hakuolewa maisha yake yote. Kitambulisho pia mwanamke huyo wa kijana wangu hana, kwa sababu kila akienda kuomba anaulizwa cha mama yake, na mama yake hakuacha hata karatasi ya kufungia sukari.

Basi mimi nikasimama mbele ya wazee wa ukoo, nikiwa nimevaa koti langu la Jumapili, nikasema hakuna mtoto wa nyumba hiyo atakayeandikwa kwa jina la ukoo wetu mpaka mbuzi wafike kwa baba wa mwanamke au kwa ndugu yake wa damu. Wazee walipiga makofi, na Kathuri, rika langu, ambaye tulipashwa tohara pamoja na huwa hanipigii makofi kwa jambo lolote, siku hiyo alipiga mpaka kofia ikamtoka. Nikakaa chini nikijiona mtu.

Ruguru aliposikia alimtuma Kirimi aniambie hivi: "Mwambie mzee asisumbuke kutafuta. Kwao ni hapa. Kwao ni mimi." Mimi nikarudisha jibu kwamba mwanamke hapokei mahari peke yake, na tena yeye ni mlezi, si mzazi, na mambo yakaisha hapo, au nilidhani yameisha.

Mtoto akazaliwa, msichana. Kirimi ananiogopa, nadhani nilimlea hivyo, kwa hiyo hospitalini hakutoa kitambulisho chake, wakapewa ile karatasi ya kuonyesha mtoto amezaliwa ikiwa na jina la mama peke yake, na hakuna aliyefuatilia cheti. Lakini kwa mdomo tulimpa jina, na kwa sababu ni binti wa kwanza wa kijana wangu alipata jina la marehemu mke wangu, Kaari, na hapo Shangazi ndipo nilipojitia kitanzi, kwa sababu yule mtoto amechukua jina na mwenye jina. Siingii nyumbani na mabuti ya matope, ananizuia mlangoni. Siongezi sukari kwa chai, anaufunika mkebe kwa mkono. Nikikohoa ananiuliza kama nimevaa fulana ndani, na ananiuliza akiwa amejishika kiuno vilevile kama marehemu. Nampenda huyo mtoto kuliko kahawa, na watu wa hapa wanajua hilo si jambo dogo kutoka kinywani mwangu.

Sasa ana miaka sita, yuko gredi ya kwanza, na mwalimu wake, Lydiah, ameniita akaniambia kwa upole kwamba mtoto hajaingia kwa mtambo wa serikali kwa sababu hana cheti cha kuzaliwa, hana namba, na siku ya mitihani ya taifa wenzake wataingia naye atabaki nje akihesabiwa kama mgeni. Nikasema nitaangalia. Nimekuwa nikisema nitaangalia tangu shule ifunguliwe.

Kisha wiki iliyopita Muturi wa chama alikuja kuvisha watoto wa Malkia na Sukari namba zao. Tuliwapanga mstari kando ya zizi, yeye na koleo lake, mimi nikiwashika mmoja mmoja, anauliza dume ni yupi, mama ni yupi, mwenyewe ni nani, nami namjibu kwa sauti kwa sababu hiyo ndiyo siku ninayojivunia zaidi kwa mwaka. Tulipomaliza wa mwisho nikainua macho. Kaari alikuwa amesimama nyuma ya yule mbuzi wa mwisho, ametoa kofia yake ya sufi, amegeuza shingo na kukunja sikio mbele na kidole.

"Na mimi niandike," akamwambia Muturi. "Mwalimu anataka namba."

Muturi akacheka, mimi nikacheka, hata Seneta nadhani alicheka. Muturi akamwambia namba hizi ni za mbuzi, na tena si kila mbuzi, ni yule aliye na mwenyewe. Mtoto akafikiri kidogo, sikio bado amelikunja, akanigeukia.

"Juju," akasema, maana hivyo ndivyo wajukuu wanavyotuita, "mwambie mimi ni wako."

Shangazi, nilishindwa. Mimi ambaye nimeongea mbele ya wazee, nimeongea mazishini, nimeongea harambee mpaka mgeni wa heshima akasinzia, nilimwangalia Muturi nikamwambia mvua itanyesha, na hakukuwa na wingu. Mtoto akavaa kofia yake akaenda zake, na tangu siku hiyo nakunywa chai na sukari nipendavyo kwa sababu hakuna anayefunika mkebe.

Naumia, sikufichi. Lakini neno nililotoa mbele ya ukoo nitalimezaje? Kathuri atanicheka mpaka Ruiri wasikie. Na mbuzi wenyewe wako tayari, nimewatenga muda mrefu mpaka wengine wamekuwa nyanya zizini, ila hawana pa kwenda. Nionyeshe njia ambayo mtoto ataandikwa na mimi nisiaibike.

Ni mimi,
Naftaly, Githongo


Shangazi Gladwell anajibu:

Mzee Naftaly, nimekusalimu kwa heshima zote za mvi zako. Sasa kaa chini, maana nitakayosema si ya kusikizwa na mtu aliyesimama.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nikaona kitu kilichonikata kicheko. Umeniambia majina ya mbuzi wako wote, tabia zao, na anayechagua chakula. Mkazamwana wako, aliyekupikia chai miaka yote hii, umemtaja jina mara moja tu, kisha akageuka kuwa "mwanamke huyo". Tuanzie hapo. Anaitwa Sheila. Lizoee jina hilo, kwa sababu utalihitaji.

Umekosea mambo mawili, na la kwanza ni kudhani cheti cha mtoto kinasubiri mbuzi. Hakisubiri. Katiba yetu inasema mtoto ambaye baba yake au mama yake ni Mkenya, naye ni Mkenya siku anapozaliwa, na kwamba kila mtoto ana haki ya jina na uraia. Haikuuliza kama wazee wamekaa, haikuuliza asali ya mahari imemwagwa wapi. Kirimi ni Mkenya. Kwa hiyo Kaari haombi uraia kwa mtu yeyote, anao. Kinachokosekana ni karatasi ya kuonyesha hivyo, na karatasi hiyo imezuiwa na koti lako la Jumapili.

Usidhani ni jambo la shule peke yake. Sheila ni mtu mzima, na mpaka leo akifika dirishani anaulizwa kitambulisho cha mama aliyekufa kabla hajamjua. Ukiacha Kaari aandikwe kwa upande wa mama peke yake, au asiandikwe kabisa, basi akifika miaka kumi na minane ataulizwa cha mama yake, naye atasema hakuna. Akizaa, mtoto wake ataulizwa vilevile. Umemlilia mjukuu mmoja, Mzee, lakini unaelekea kufunga mlango kwa vitukuu ambao hujawaona. Kwa huruma niliyo nayo kwako, hilo siwezi kulifunika.

Kirimi naye ana lake, na umsomee sehemu hii kwa sauti. Kijana, unafungua pampu iliyokufa miaka kumi ukaifufua, halafu unashindwa kufungua mdomo mbele ya baba yako? Kumheshimu mzazi ni vizuri. Kumficha mtoto wako nyuma ya heshima hiyo ni uoga, na umri wa kuogopa umeshakupita.

Wiki hii, si ile nyingine, Kirimi achukue kitambulisho chake, ile karatasi ya hospitali, kitabu cha kliniki na kadi ya ubatizo kama mtoto amebatizwa, na mwalimu Lydiah aombwe barua ya shule. Waende kwa naibu wa chifu wa eneo lenu, ambaye anakujua wewe na Seneta, kisha ofisi ya kuandikisha vizazi huko Meru mjini, na Kirimi aseme wazi mbele ya karani kwamba yeye ndiye baba na anataka aandikwe. Kuandikisha kwa kuchelewa kunaruhusiwa. Watazungushwa kidogo, wataambiwa warudi, warudi. Na yule mtu wa kando ya mlango anayesema anaweza kuwaharakishia, wampite kama hawajamwona.

Kosa lako la pili ni kusema mbuzi hawana pa kwenda. Wana pa kwenda tangu siku ile Ruguru alipokutumia salamu. Alikwambia kwao ni yeye. Mtoto mchanga wa mtu wa mbali alibaki mikononi mwake, hakuna desturi wala serikali iliyomlazimisha, akamlea, akamfunza hiyo adabu unayoisifu na hiyo chai isiyo na maji mengi. Wewe ukamrudishia jibu kwamba si damu. Damu yenyewe ilikuwa wapi siku hizo zote?

Na usiniambie mwanamke hapokei. Nimezaliwa huku huku Embu, nimehudhuria mahari nyingi. Baba akiwa amekufa, mjomba anapokea. Mjomba akikosekana, jirani anavalishwa shuka, anaitwa mjomba, na wazee mnakula nyama yake bila kumuuliza maswali. Mnajua kupinda mkitaka. Kama ni lazima suruali ionekane, Ruguru amwite kaka au jirani akae kando yake, anyamaze, ale. Mbuzi wakabidhiwe Ruguru.

Tena hao mbuzi wana kazi kubwa kuliko unavyofikiri. Ndoa ya kimila ikishakamilika, Kirimi na Sheila waiandikishe serikalini. Aliyeolewa na Mkenya anaweza kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa, na ndoa isiyoandikwa ni ngumu kuithibitisha. Umemchelewesha vya kutosha. Kuna mawakili wanaosaidia bila malipo watu wasio na uraia, wamtafute mmoja mapema, kwa sababu njia ya Sheila ni ndefu na sitakudanganya kwamba itakuwa rahisi. Lakini ya mtoto iko wazi leo. Kwa hiyo mtoto kwanza, mbuzi baadaye, na usithubutu kugeuza mpangilio huo.

Bado hofu yako kuu, ambayo ni Kathuri. Mfanye kiongozi wa msafara wa kwenda Embu. Mwambie hakuna mwingine anayejua kuongea kama yeye, ambalo nina hakika anaamini. Mpe fimbo, mpe nafasi ya kwanza kusalimia, na kipande kizuri cha nyama. Mtu aliyeongoza msafara hawezi kurudi nyumbani akaucheka. Atasema wazo lilikuwa lake, nawe utamwachia. Kuhusu neno lako mbele ya ukoo, waite wazee wale wale, vaa koti lile lile, uwaambie ulikosea. Watashangaa zaidi ya kukucheka, kwa sababu hawajawahi kusikia sauti hiyo.

Limebaki moja, na hili huwezi kumtuma Kirimi. Siku ya kwenda ofisini uende nao. Toa matope kwenye mabuti kabla hujatoka. Karani akiuliza huyu mtoto ni wa nani, Kirimi atajibu yake kama baba, lakini wewe usimame hapo na useme kwa ile sauti unayotumia kumjibu Muturi zizini, mpaka waliopanga foleni nje wasikie: "Huyu ni wangu." Hayo ndiyo aliyokuomba umsemee, nawe ukamzungumzia mvua.

Mkitoka hapo mpitishe dukani umnunulie hereni ndogo. Sikio lile kazi yake ni hiyo.