Kiuno cha Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Julai 2024

Siku ya ishirini na sita tangu mke wangu Minza aende kwao Mwandoya. Naandika nyuma ya daftari la vipimo, maana nyumbani hakuna mtu, na Kashindye wa duka la nyuzi hapo jirani kila neno langu analifikisha sokoni kabla yangu. Fundi Ngassa mzima, miaka kumi na minne kwenye cherehani, naongea na daftari.

Leo ujumbe wa kwanza wa Minza. Salamu hakuna. Mama yake amechaguliwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, anasimikwa Jumapili, anataka sketi ya bluu. Kitambaa kinakuja na basi pamoja na gauni lake, kipimo nichukue humo. Mwishoni: mama anasema sketi ikikaa vizuri, mambo yenu yatazungumzwa.

Nimeusoma mara sita. Mteja amesimama anasubiri suruali yake.

Jumanne, 9 Julai

Gauni limefika. La kitenge, pana. Nimelipokea kwa mikono miwili kama vile mwenyewe yumo ndani. Kwetu mkwe hata kiti chake hukikalii — sasa mimi nimzungushie futi kiunoni? Ndiyo maana limekuja gauni, mwenyewe kabaki.

Nimelitandaza juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, nikalichora pembezoni kwa chaki. Kwenye kiuno nikapiga mstari, nikakata karatasi. Juu nikatupa, chini ndiyo sketi. Dakika tano! Nikajisifu kwa sauti. Kashindye akachungulia, akauliza kwa nini nisiweke lastiki, huwezi jua. Nikamwambia lastiki ni ya watoto wa chekechea. Mwenyekiti anawekewa mkanda na zipu.

Jumatano, 10 Julai

Kiuno kwenye karatasi: inchi arobaini na mbili. Nimekaa nayo asubuhi nzima. Sketi ya kumbana mkwe — watu watasemaje? Nikaongeza inchi mbili za heshima. Halafu moja ya pilau, maana kusimikwa kuna kula.

Nikampigia Minza, nikauliza kwa uangalifu kabisa mama ana kiuno cha ngapi. Akauliza kama nimelewa. Akakata.

Simlaumu. Hata siku aliyoondoka haki ilikuwa yake. Aliniomba nimfundishe kushona. Nikamjibu, mbele ya wateja watatu, kwamba cherehani inataka akili, si mikono ya kusongea ugali. Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka, nikajiona mchekeshaji. Jioni begi lake halikuwepo. Naona aibu hata kuandika.

Alhamisi, 11 Julai

Sketi imekwisha. Imenyooka, pindo safi, zipu haionekani. Imeondoka na basi la mchana. Nimefua mapazia.

Ijumaa, 12 Julai

Kimya. Nimepiga pasi mapazia.

Jumamosi, 13 Julai

Simu, saa tatu asubuhi. Minza. Nikaitikia kwa sauti ya bwana harusi.

Mama yake alivaa sketi jana kwenye mazoezi ya kwaya, akina mama waione. Ubeti wa kwanza ilikaa. Kwenye kiitikio wakapiga makofi, wakaruka kidogo — sketi ikashuka hadi kwenye viatu. Mungu saidia alikuwa na gagulo ndani. Mama aliinama akaiokota, akasema mkwe wangu amenivua nguo mbele ya kwaya, akaenda kukaa nyuma.

Nikaanza kusema kwamba nilifuata gauni lenyewe, mstari kwa mstari. Minza akasema taratibu, kama anamweleza mtoto:

"Gauni linashikwa na mabega, Ngassa. Sketi inashikwa na nini?"

Miaka kumi na minne.

Mama kasema mwenye cherehani aje na cherehani yake. Nimepata lori linalokwenda kuchukua pamba huko. Nimekaa nyuma, nimeikumbatia cherehani njia nzima, vumbi hadi kwenye meno. Kashindye alinipungia mkono huku anacheka. Mfukoni kanitilia mita mbili za lastiki. Nitalala gesti, siwezi kulala kwa mkwe na jina nililonalo leo.

Jumapili, 14 Julai

Saa moja na nusu nipo uani kwao. Mama mkwe yumo ndani, mlango umerudishwa. Kanisani ni saa nne.

"Mwangaluka, baba," akanisalimu Kisukuma kupitia mlangoni.

"Mwangaluka, mayu." Nikajibu huku nawaangalia ng'ombe.

Minza akachukua futi mkononi mwangu bila kunigusa, akaingia. Baadaye sauti yake: "Thelathini na sita. Andika." Nikaandika. Mimi nilikata arobaini na tano. Inchi tisa za hewa, nimezipiga na zipu juu!

Nikakaa kwenye cherehani nipunguze. Sindano ikavunjika. Nikaweka nyingine, nikashona mkanda nje ndani. Minza alikuwa amesimama nyuma yangu. Akafumua mshono wangu, akapiga bandi kwa mkono kuushikiza mkanda, haraka, mstari umenyooka. Akasema:

"Sogea."

Nimesogea. Nimekaa kwenye ndoo.

Anashona. Anashona vizuri — naandika hili nikiwa na akili zangu timamu. Amejifunza lini? Siku thelathini na mbili tu. Kwa nani? Siyo kwangu. Inaniuma, na siwezi kuacha kutazama mikono yake.

Nimemuuliza, macho chini, kama leo narudi nyumbani Bariadi peke yangu.

Hakuinua kichwa. "Huko kuna cherehani ngapi?"

"Moja," nikasema. Ukweli mtupu, na jibu la mjinga.

Mguu wake umesimama kwenye pedeli, sasa ameinua kichwa. Mkanda umeshonwa nusu, mama yake anasubiri ndani na gagulo, kengele ya kwanza imeshalia. Nimeinamia daftari kana kwamba naandika vipimo. Bado ananitazama, anangoja nitaje ya pili.