Bango la Maji ya Kuchemsha

Jumatatu, 9 Januari 1978

Bango limepita. Ningefurahi, lakini nina hasira tu. Ndugu Apolinari, mkuu wetu wa chumba cha uchoraji, amefuta namba zangu. Picha nne kwenye mstari mmoja, kila moja na namba yake konani: mtoto anaharisha kitandani, mama anachemsha maji, mtoto anakunywa, mtoto anacheza. Kasema namba zinachafua. Kasema asiyejua kusoma hata namba hazijui, picha iseme yenyewe. Rangi nilitaka tatu, nimepewa mbili, nyeusi na buluu. Hilo naelewa, wino wa shida. Lakini namba zinakula wino gani?

Wiki tatu nimelichora. Yule mama nilimtoa bombani Keko — anavyoinama, kanga kaikaza kiunoni, mkono mmoja unakinga uso. Nilisimama pale na karatasi zangu mpaka wanawake wakaniuliza kama nimekuja kuwakatia maji. Na mpangilio wote nimejifunza kwenye kanga: pindo linashika pande zote, na maneno huyatafuti, yanakutazama yenyewe. Chuo cha uchoraji hawakunifundisha hilo.

Kipindupindu kinaua watu, sie tunagombania kona za karatasi.

Jumatano, 11 Januari 1978

Nimerudi na nakala ya majaribio. Bi Mwamvita, mwenye nyumba wangu hapa Temeke, alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamwamkia, nikamtandikia bango mkekani. Kalitazama muda. Kasema mkono wangu mzuri. Halafu akaniuliza kwa nini tunawatisha watu.

"Mtoto alikuwa mzima, anacheza," akasema. "Akapewa maji. Mama akachemsha mengine. Mwisho huyo, kitandani. Hayo maji mmetia nini, mwanangu?"

Kidole chake kilianzia kulia.

Bi Mwamvita anasoma. Barua za dada yake wa Kilwa huja kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu, naye hujibu vivyo hivyo. Herufi hizo zinaanzia kulia. Miaka miwili naishi kwake, barua naziona juu ya kabati, nikidhani ni dua! Mie Mhaya wa shule ya masista, nikajua kusoma ni kwangu tu.

Chakula kimenishinda. Hasira leo ni yangu mwenyewe.

Alhamisi, 12 Januari 1978

Sikukuu ya Mapinduzi, kazi hakuna. Nimekwenda Mbagala na bango kwapani. Nimewaonyesha watu wazima ishirini, mmoja mmoja, bila kuwaambia kitu, nikatazama vidole vyao. Tisa wameanzia kulia. Tisa! Wengi wazee, lakini si wote. Mzee mmoja kaniambia ni vyema serikali imesema wazi, yeye maji ya moto hakuyaamini tangu mwanzo.

Mama mmoja anauza vitumbua, anaitwa Mwanaheri, ana mtoto wa miaka miwili. Yeye kasoma shule, kaanzia kushoto, kaelewa vizuri. Ila kaniambia mama mkwe wake ndiye mwenye amri jikoni, na mkwe huyo kasoma Kurani tu, chuoni kwa maalimu. Nikamwomba amweleze. Akacheka, akasema mama mkwe haelezwi.

Jumla nimeiandika vizuri kwa kesho.

Ijumaa, 13 Januari 1978

Nimeingia kwa Ndugu Apolinari saa mbili kamili. Nikamweleza ya Bi Mwamvita, nikamwekea hesabu ya Mbagala mezani. Hakuigusa. Kauliza nani kanituma Mbagala na mali ya ofisi.

Nikamwambia dawa yake ni ndogo. Tuzipange picha safu moja, juu kwenda chini. Wa chuoni na wa shuleni, wote huanzia juu. Pleti mpya za kuchapia, kazi ya siku mbili. Kasema pleti zimeshatoka, karatasi imeshakatwa kwa upana, na ofisi ya kampeni ya kipindupindu kaiahidi mabango Jumanne. Nikasema basi turudishe namba. Hapo akasimama.

"Nchi hii imefuta ujinga, Ndugu Felicitas. Wewe unataka tuchapishie ujinga?"

Ujinga! Mwanamke anayeandika barua kurasa nne kwa mkono wake! Nikamjibu hivyo hivyo, na sauti ilipanda, chumba kizima kimesikia. Kaniambia nimeajiriwa kuchora.

Jumatatu, 16 Januari 1978

Mashine inaunguruma tangu asubuhi. Nakala elfu sita. Nimeshuka chini kwa Mwishehe, fundi mitambo, mtu wa Mbagala, mtu mzima mwenye heshima zake. Nikamwuliza kama kaliangalia bango lenyewe. Kasema kaliangalia. Nikamwuliza limemwambia nini.

Alipangusa mikono kwanza. Akasema alipoliona mara ya kwanza alianzia kulia, akashangaa, halafu akaanza upya kushoto, akaona ndivyo walivyotaka wakubwa.

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Nani aliniuliza?"

Miaka kumi na moja yuko hapa. Hakuna aliyemwuliza. Nami sikumwuliza, mpaka leo.

Jumatano, 25 Januari 1978

Mabango yamebandikwa wiki iliyopita. Zahanati, shule, maduka ya ushirika, kila mahali. Ndugu Apolinari kapokea barua ya pongezi, kaisoma kwa sauti mbele yetu.

Mchana Mwishehe kapanda juu kunitafuta. Hajawahi kupanda. Kaleta habari za kwao Mbagala. Mtoto wa Mwanaheri, yule muuza vitumbua, yuko kambi ya wagonjwa tangu juzi. Bibi yake, yule mama mkwe, alikwenda zahanati kupima macho, akaliona bango ukutani, akarudi nyumbani akamwaga maji yote ya kuchemsha. Sufuria akaificha. Mwanaheri kutwa yuko kwenye vitumbua vyake, hakujua kwa siku tatu.

Mtoto yu hai. Wanamtilia maji mshipani.

Yule mama niliyemtoa bombani, mkono unaokinga uso, wiki tatu za kazi yangu. Nzuri kiasi kwamba bibi kaiamini.

Nimetoka bila kuaga.

Jumamosi, 28 Januari 1978

Nimenunua kopo la rangi nyekundu. Jana Bi Mwamvita kanifundisha namba za Kiarabu, moja mpaka nne, nimezirudia mpaka mkono ukazoea. Leo nimekwenda nazo Mbagala. Kila bango nililoliona nimelitia namba: ya shule juu ya picha, ya chuo chini yake, kubwa, zinaonekana toka barabarani. Mabango kumi na manne. Watu walikusanyika, nikawaeleza, wengine wakawaeleza wenzao. Mzee mmoja kanirekebisha nne yangu, ilikuwa imelala.

Nilipita kwa Mwanaheri. Hayupo, yuko kambini. Mama mkwe alikaa kizingitini. Nilimwamkia, akaitika. Nikamwambia ni mie niliyechora.  Kanitazama, akaniambia yeye alimkinga mjukuu wake. Hana kosa lolote yule mama. Sina hasira naye hata chembe, zote nimezibeba kurudi nazo.

Bango la kumi na tano sikulimaliza. Mgambo wawili. Wameandika jina langu na mahali pa kazi, wakachukua kopo na brashi. Brashi ya manyoya, ya kwangu mwenyewe!

Jumatatu, 30 Januari 1978

Naandika kwenye benchi, koridoni, ofisi ya kampeni. Wameniita tangu saa mbili. Ndani yupo Ndugu Apolinari na mabwana wawili nisiowajua.

Kosa la kwanza walilosema ni kuharibu mali ya umma. Nikawaeleza yote, ya mtoto pia.  Wamenitoa nje, nikarudishwa, nikapewa karatasi iliyopigwa chapa tayari. Inasema mchoraji Felicitas alipanga picha bila kufuata maelekezo ya mkuu wake, na kwa uzembe wake hakuweka namba. Nikitia sahihi, mabango yote yataondolewa kesho na mapya yatachapwa, na mimi kazi basi. Nisipotia, wataunda kamati ya uchunguzi. Mabango yatabaki ukutani mpaka kamati imalize.

Ndugu Apolinari hakunitazama. Kasema tu nifikirie wananchi.

Anathubutu!

Nimeisoma mara tatu hapa benchini. Uongo kila mstari, na ameuandika kwa Kiswahili safi kabisa. Namba zangu za kwanza bado ninazo, mchoro wa penseli uko chini ya godoro kwangu Temeke. Kamati ingeuona. Baada ya miezi mingapi?

Nimemwambia karani wao wa mlangoni arudi ndani aseme hivi: waandike kwanza amri ya kuondoa mabango, waigonge muhuri, wamwite Mwishehe aondoke nayo na gari mchana huu huu. Nikiiona mkononi mwake nitatia sahihi. Si kabla.

Karani kaingia. Mlango umefungwa. Nasikia sauti ya Ndugu Apolinari imepanda, halafu mtu mwingine, taratibu. Saa tano na robo. Hakuna anayeipiga taipu hiyo amri.