Sauti ya Skolastika Iko Mtandaoni, na Mwenyewe Hajui

Barua hii ilinifikia zamani kidogo. Sikuichapa wakati ule, na sababu mtaiona katika jibu langu. Majina yote nimeyabadilisha, na kambi siitaji.

Bi Shadia, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Ujiji, mtaa wa Rusimbi, na sikudhani hata siku moja kwamba nitakuandikia, maana barua nyingi unazojibu ni za wake na waume na yangu si ya mapenzi, lakini nakuomba sana unisaidie kwa sababu nimekwama na kila ninayeweza kumwambia amehusika kwa namna moja au nyingine.

Ninafanya kazi na kikundi cha kina mama hapa Ujiji wanaokusanya hadithi za watoto, zile za kusimuliwa jikoni wakati chakula hakijaiva, na wakimbizi wa Burundi walipoanza kumiminika mwaka 2015, wengine kwa meli kutoka Kagunga na wengine kwa miguu, kiongozi wetu Bi Kuruthumu alisema hadithi zao nazo zirekodiwe ili watoto wa makambini wazisikie kwa Kirundi chao, basi kazi yangu ikawa kwenda kambini na kinasa sauti, kukaa na kina mama, kurekodi, kisha nikirudi nyumbani ninakata maneno ya pembeni na kubakiza hadithi peke yake.

Kati yao yuko mama mmoja, tumwite Skolastika, anasimulia mpaka unasahau kama una gari la kuwahi, lakini huwa haanzi hadithi kabla hajaongea kwanza, na mimi huwa nakiacha kinasa sauti kikiwaka tangu ninapokaa kwa sababu hujui hadithi itaanza wakati gani, na siku moja katika kuongea kwake alinieleza jinsi mume wake alivyouawa na kwamba aliyewaleta wauaji mpaka mlangoni ni shemeji yake, akamtaja jina, akasema mtu huyo bado anamtafuta kwa kuwa yeye Skolastika alimwona kwa macho yake, akataja na jina la mwanawe, na upande wa kambi wanakoishi, na jina analotumia sasa ambalo si lake la kuzaliwa, halafu akajifuta uso akasema, "Hayo ni yetu sisi wawili, kaka Majidi. Haya, washa chombo chako nikupe hadithi ya mtoto aliyekataa kuota meno."

Hadithi niliikata vizuri nikaiweka kwenye folda iitwayo hadithi, na yale marefu yote yakabaki kwenye folda nyingine niliyoiita ghafi, na folda hizo mbili ziko ndani ya moja kubwa, na hapo ndipo anapoingia Nuhu, mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye amesoma kompyuta Dar es Salaam na tangu arudi haongei kitu isipokuwa Linux, ule mfumo wa kompyuta wanaouendesha kwa kuandika amri, ukimwonyesha mtu anayetumia mausi anamcheka. Mafaili yetu ni mazito na mtandao wa kambini unakatika kila mara, na Warundi waliotawanyika nchi nyingine nao walikuwa wakituomba hadithi hizo, basi Nuhu akasema, "Hiyo ni kazi ya torenti, kaka. Mzigo unakatwa vipande vipande, mtandao ukikatika unaendelea ulipoishia, na kila aliyepata kipande anamgawia mwenzake. Hata mashine yangu ikizimwa, hadithi zinaendelea kutembea." Bi Kuruthumu alifurahi sana na mimi pia nilifurahi, siwezi kusema uongo.

Akakaa sebuleni kwangu, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika mktorrent, amri ya kutengeneza torenti, na madoido yake mengine, na huku anaandika anaongea na mimi, anageuka kunitazama nione jinsi vidole vinavyokwenda, akaanza kuandika njia ya kufika kwenye folda ya hadithi na kabla hajamalizia jina la folda ya ndani akabonyeza Enter, kwa hiyo amri ikaichukua folda kubwa nzima na vyote vilivyomo, naye hakuangalia, akaianzisha torenti, akatuma kiungo kwenye makundi, akaomba chai.

Tulikuja kujua kwa sababu mtu mmoja kutoka kundi la Warundi wa ng'ambo alituandikia kutushukuru, akasema hadithi ni nzuri ila yale mazungumzo ya mama yule yamemliza. Nikampigia Nuhu.

"Nuhu, ulifunga folda gani kwenye torenti?"

"Si ile ile ya hadithi, kaka?"

"Fungua uangalie."

Nikasikia anabonyeza. Kisha akasema, "Aisee."

Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na Nuhu ananichosha, Bi Shadia, ananichosha kabisa, maana aliisimamisha ile torenti kwenye mashine yake akatengeneza nyingine safi akaniambia mambo yameisha, nikamuuliza, "Na ya zamani?" akasema, "Nimeifuta, kaka, acha presha," lakini nilipoiweka ile ya zamani kwenye kompyuta yangu kutazama tu, niliona wako watu wengine wanaendelea kuigawa ikiwa kamili, na programu inaonyesha kibendera cha nchi ya kila mmoja, na kimoja ni cha Burundi. Nikamwonyesha. Akasema, "Huyo anaweza kuwa mwanafunzi tu, na nani atakaa kusikiliza maongezi marefu namna hiyo?" na kila nikimuuliza ana amri mpya anayotaka kuijaribu, leo hii, kesho ile, na hakuna kinachobadilika.

Nuhu anasema tunyamaze, tukimwambia Skolastika tutamtia hofu ya bure, na Bi Kuruthumu hajui lolote, na ninaogopa akijua atafunga kazi yote na kina mama wa kambini hawatafungua tena midomo yao mbele yetu, na mimi nimekwishakwenda kambini tangu jambo hili litokee, Skolastika akanipikia ugali wa muhogo na dagaa, nikala, nikaaga, sikusema kitu. Naomba uniambie, Bi Shadia, kuna njia ya kuirudisha sauti hiyo kimyakimya bila yeye kujua? Na kama haipo, ni lazima nimwambie?

Aliyekwama, Rusimbi.

Bi Shadia anajibu:

Wewe bwana, nilipomaliza kusoma barua yako sikukaa kuandika jibu. Nilipiga namba uliyoiweka chini nikakupigia kelele, na waliokuwa ofisini wote walisikia. Niliyokuambia siku ile nayarudia hapa, kwa kuwa najua wako wengine wanaokaa na siri ya mtu mwingine mfukoni huku wakijiita wamekwama.

Kwanza swali lako la kuirudisha. Mimi si mtu wa kompyuta, kwa hiyo kabla ya kukupigia nilimuuliza fundi wetu, Oswald. Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba torenti hujulikana kwa kile kilichomo ndani yake, hivyo ile safi aliyoitengeneza Nuhu ni kitu kingine kabisa, haikuifunika ya zamani. Ya zamani itaishi maadamu yuko mtu mmoja mwenye mzigo kamili na mashine inayowaka. Huyo ndugu yako alijua. Ndiyo sifa aliyokutajia mwenyewe siku ya kwanza! Alipokuwa anaisifia aliijua, alipoharibu akaisahau.

Basi mwambie Nuhu aache amri zake. Kazi aliyobakiwa nayo ni ya kuandika ujumbe wa kawaida kwa makundi yote: mafaili ya mwanzo yana kasoro, tafadhali yafuteni, chukueni haya mapya. Asieleze kasoro ni ipi, maana akieleza atawafanya waende kusikiliza. Wengi watafuta. Si wote. Na wewe ondoa ile uliyoiweka kwenye kompyuta yako "kutazama tu", kwa sababu Oswald ameniambia kwamba wewe nawe, ukiiacha inashuka, unakuwa mmoja wa wanaoigawa.

Sasa lile ulilolipita mbiombio. Mama wa watu amekuambia "washa chombo chako". Maana yake alidhani kimezimwa. Kosa la Nuhu ni la kidole. Lako ni la mdomo, ulikaa pale unamsikiliza na hukusema neno, ukaenda nyumbani ukayahifadhi. Kwa nini? Hadithi ulikwishaipata. Hayo mengine ulikuwa unamwekea nani?

Na unaniuliza kama ni lazima umwambie! Mtu anatafutwa, maficho yake yametangazwa, na anayejua anakula ugali wake na kuaga. Unaogopa kumtia hofu? Hofu ndiyo iliyomfikisha hapa akiwa hai. Anaijua kuitumia kuliko wewe na Nuhu. Ninyi mmemnyima nafasi hiyo.

Uliniuliza kwenye simu, "Bi Shadia, nikimwambia ataniona vipi?" Nikakujibu kwamba kesho asubuhi uwe kwenye gari, na kwamba kabla ya hapo upite kwa Bi Kuruthumu umweleze yote. Namshukuru Bi Kuruthumu. Hakufunga kazi. Alijifunga kanga yake akasema, "Twende wote," na kwa jinsi nilivyosikia, hakukusemesha njia nzima mpaka mmepita Kasulu.

Wasomaji wangu, nitawasimulia kilichotokea kama Majidi alivyonisimulia, na nina ruhusa ya mama mwenyewe, aliyoniachia kwa Bi Kuruthumu.

Majidi alimkuta Skolastika anachambua maharage. Akamwambia wazi, pasipo kumtupia Nuhu mzigo, na hilo angalau alilifanya sawasawa. Skolastika aliendelea kuchambua. Akauliza, "Jina la mtoto limo?"

"Limo."

"Na la huyo mtu?"

"Limo."

"Umejua lini?"

Majidi akamwambia. Mama akausukuma ungo pembeni. Akasema, "Kwa hiyo siku ile uliyokula hapa, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, dada."

Hakulia wala hakupiga kelele. Alimwita mwanawe, akamvalisha viatu, akamwambia Bi Kuruthumu, "Mama, nisindikize." Majidi aliinuka kuwafuata, Skolastika akageuka akamwambia, "Wewe baki." Wakaenda kina mama wawili na mtoto kwenye ofisi inayoshughulikia usalama wa wakimbizi, wakaeleza, na ofisi ililichukua jambo hilo kwa uzito kuliko sebule ya Rusimbi ilivyolichukua. Baada ya muda mama na mwanawe wakahamishwa. Mwenye kile kibendera alikuwa mwanafunzi au ndugu wa marehemu au shemeji mwenyewe, hatujui, na hatutajua. Ndiyo maana nilisubiri mpaka nilipohakikishiwa kwamba wameondoka ndipo nikaichapa barua hii.

Rekodi ghafi zote zimefutwa mbele ya Bi Kuruthumu. Torenti mpya nayo imetengenezwa upya bila hadithi za Skolastika, kwa kuwa aliomba sauti yake isibaki popote pale anapoweza kuizuia. Ile ya mtoto aliyekataa kuota meno sasa inasimuliwa na mama mwingine wa Ujiji, kwa Kiswahili. Nimeisikiliza. Si mbaya.

Nasikia sasa Nuhu akitengeneza torenti anasoma majina ya mafaili kwa sauti mbele ya Bi Kuruthumu kabla hajabonyeza chochote, na akianza kueleza uzuri wa Linux anaambiwa asome. Vizuri. Na wewe Majidi, ukikaa mbele ya mtu, sema kinasa sauti kinawaka, na akisema zima, zima, kitoe na betri umwonyeshe.

Limebaki moja. Juzi umenipigia tena ukitaka nikusaidie kujua alikopelekwa, ili uende ukamwombe radhi vizuri. Nilikukatia simu na sijuti. Usimtafute. Usimuulizie kwa majirani zake wa zamani, usitume salamu kwa mtu, usimpe Nuhu kazi ya kumsaka kwenye mtandao. Radhi unayotaka kuiomba ni ya kukupumzisha wewe, na kila anayeulizia alipo yule mama anamrahisishia njia mwingine. Akitaka kuzungumza nawe, anajua Rusimbi ilipo. Wewe hujui alipo yeye, na iwe hivyo hivyo.