Mkono Uliompiga Baba

Jane na Finch,
Toronto.

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani na si kitandani, na kwamba goti lililokusumbua wakati wa mvua limekubali dawa. Mama je? Mwambie kikohozi si kitu cha kuzoewa, aende hospitali. Mimi ni mzima. Nakula vizuri, kanisani siendi kila Jumapili, na lile koti ulilohofia kuwa ni jepesi linanitosha.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungebadilisha mazungumzo. Jambo lenyewe linamhusu yule Mwingereza aliyekupiga kofi.

Najua hukuwahi kunisimulia. Mama ndiye aliyenieleza, nilipokuwa kidato cha pili, siku nilipolalamika kwamba huniitikii nikikuita kutoka upande wa kushoto. Alisema ulipokuwa kijana walikuja watu wa sinema kwenye shamba la kahawa hapo Usa River, wakakuchukua ucheze mtumishi anayemwaga chai. Mkono wa mwenye shamba, aliyechezwa na Mwingereza huyo, ulipaswa kupita hewani tu, karibu na shavu. Yeye akaona uigizaji wa namna hiyo haumtoshi, akapiga kweli, na mwongozaji akaagiza irudiwe mara tisa. Tangu siku hiyo sikio lako la kushoto halijasikia neno. Na sinema yenyewe nimeitazama, Baba: unaonekana mgongo tu.

Nimemsoma mtu huyu kama wakili anavyomsoma shahidi wa upande wa pili. Ni mtoto wa muuza nyama katika mji wa bandari huko Uingereza. Alianza kwa kufagia jukwaa la maigizo, akapewa kucheza askari wasiosema kitu, kisha maofisa wanaosema sana, kisha wenye mashamba, mahakimu na manahodha, hadi uso wake ukawa ndio watu wanaouona wakimfikiria Mwingereza mwenye amri. Uzeeni akacheza mababu wapole, na watazamaji wakausahau ukali wake. Ameandika kitabu cha maisha yake. Usa River imepata ukurasa mmoja: mvua, mbu, na farasi aliyempanda, ambaye jina lake analikumbuka. Lako halimo.

Lakini Mungu si Athumani. Mwezi uliopita studio moja ya hapa ilitafuta mshauri wa Kiswahili na desturi zetu, nami nikaajiriwa kwa shahada ile uliyoiuzia ng'ombe. Siku ya kwanza nikamkuta yeye, na fimbo mkononi, ana miaka themanini na zaidi. Anacheza mlowezi anayerudi Arusha kumwomba radhi aliyekuwa mpishi wake, na kilele cha sinema ni pale anapomnawisha mpishi huyo mikono kabla ya chakula. Mpishi anachezwa na Mzee Kasongo, Mkongomani jirani yangu wa ghorofa ya nne, ambaye siku nyingine husafisha ofisi kule Don Mills.

Kazi yangu ni hii: mwongozaji akisimamisha kamera hunitazama, nami nikitikisa kichwa, wanarudia.

Mara ya kwanza Mwingereza alimimina maji akiwa wima, kama anayemwagilia maua. Nikasema bado, nikamwonyesha namna ya kuinama, jagi mkono wa kulia, beseni wa kushoto, na kungoja hadi mgeni akung'ute vidole. Mara ya pili aliinama nusu. Mara ya tatu alipatia kila kitu, Baba, na nilitikisa kichwa. Nilikusudia zifike tisa. Kati ya mara moja na nyingine aliitafuta fimbo yake aegemee, nami nilimtazama bila huruma.

Baada ya saba Mzee Kasongo akaniita kando, mikono imekunjamana.

"Petit," akasema, kama anavyowaita vijana wote, "ile maji ni ya baridi. Unaazibu yeye ao unaazibu miye?"

Kwa mara nyingine aliyeumia alikuwa yule asiye na jina kwenye tangazo la sinema, na safari hii mkono ulikuwa wangu. Nilimwomba radhi, nikamwambia mwongozaji imekubalika.

Wakati wa chai nilimfuata Mwingereza. Nikamtajia shamba, nikamtajia chai, nikamtajia sikio. Alinitazama kwa macho yale ya mababu wapole.

"Kijana wangu, nimewapiga makofi watu wengi katika kazi hii. Baba yako alikuwa yupi?"

"Yule ambaye hakuwa mwigizaji."

"Siku zile tuliamini kofi la uongo huonekana."

"Na uziwi je, huonekana?"

Akauliza kama una simu, angependa kuzungumza nawe.

"Baba yangu hapokei simu za watu asiowajua," nikasema, nikaondoka.

Siku tatu nilijivunia jibu hilo. Siku ya nne likanichoma, kwa kuwa hata pale Usa River hakuna aliyekuuliza unataka nini. Nikarudi nikachukua namba yake. Amri ni yako. Ila ulinisomesha ili niseme ninachokiamini, nami nasema: mnyime. Mtu aliyelikumbuka jina la farasi aingie kaburini akiwa bado anauliza wewe ni yupi.

Nisalimie Mama, na dada Upendo muuguzi, ambaye namtegemea ampeleke huyo mgonjwa mbishi hospitali. Shangazi Ndeambiliasia, aliyenishonea suti ya kuondokea, umwambie hapa wamemuulizia fundi wake. Mjomba Elisante katekista asisomewe ukurasa huu. Atanitumia mistari ya msamaha, na yote ninaijua.

Nijibu kwa neno moja, ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo nitamuunganisha nawe mwenyewe, nami nitatoka chumbani, kwa sababu sitaweza kusikiliza akisamehewa.

Ni mimi mwanao,
Godlisten