Kikao cha Dharura Kuhusu Picha ya Kifungo cha Mwisho

UMOJA WA MAFUNDI CHEREHANI, GHOROFA YA PILI

Tarehe: Jumatatu, 9 Machi
Mahali: Chumba cha kukatia vitambaa
Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi suti); Fundi Mapazia; Dada Vifungo, mshona vifungo; Katibu (fundi sare).
Hakuhudhuria: Mzee wa Pasi, aliyetuma salamu kwamba hataki kugombana na mtu.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa na nusu alasiri. Wajumbe walikuwa wamemsubiri amalize kuchaji simu.

KUMB. NA. 2/3: PICHA
Katibu alikumbusha kwamba ni desturi ya chumba hiki, kifungo cha mwisho cha nguo ya harusi kinapokazwa, mikono ya mshonaji hupigwa picha kwa ajili ya ukurasa wa umoja mtandaoni. Dada Vifungo alikubali mikono tu, kwa kuwa alimkimbia mumewe na hakutaka ajulikane alipo. Safari hii uso wake ulionekana kwenye kioo cha kujipimia, na chini ya picha pakatokea jina la mtaa. Jumamosi mume alikuja. Dada Vifungo alihudhuria kikao mkono wake wa kulia ukiwa kwenye plasta.

Mwenyekiti alikiri kwamba picha aliipiga yeye, ila alieleza kwamba simu yake ni ya bei mbaya na watengenezaji wake wanasifika kwa kutunza siri. "Yangu haina mdomo. Muulizeni aliyeirusha."

Fundi Mapazia, aliyeirusha, alijibu kwamba simu yake ni ya kawaida, inachungulia kila kitu, na yeye hajali. "Mimi sina cha kuficha. Jina la mtaa limetoka kwenye simu yako, bosi, na bei yake yote." Mwenyekiti alisema nyani haoni kundule. Fundi Mapazia alidai neno hilo liandikwe. Limeandikwa.

Mabishano kuhusu simu ipi inalinda siri zaidi yalikula saa nzima. Hatimaye wajumbe walifungua mipangilio. Ilibainika kwamba simu ya Mwenyekiti ilimuuliza kama iandike mahali picha ilipopigwa, na ya Fundi Mapazia ilimuuliza kama picha ionwe na wanachama au na watu wote. Kila mmoja alibonyeza jibu la juu bila kusoma. Hata hivyo waliendelea kubishana. Katibu aliona aibu kwa niaba ya chumba kizima.

KUMB. NA. 3/3: KAULI YA DADA VIFUNGO
Mwenyekiti alipendekeza wanachama wote wanunue simu za aina yake. Fundi Mapazia alipinga. Ndipo Dada Vifungo, ambaye hakuwa amefungua kinywa, alipoomba nafasi.

"Kaka zangu, simu ziliwauliza nyinyi. Mimi hakuna aliyeniuliza."

Aliarifu kwamba anaacha kazi na anahama leo hii. Mwenyekiti, kwa sauti ya chini, alimwomba radhi, akamuuliza anahamia wapi ili wanachama wakamjulie hali.

Dada Vifungo aliziangalia simu mbili zilizokuwa juu ya meza ya kukatia. "Mtanisamehe, kaka," alisema, akatoka.

Hakuna aliyetamka kufunga kikao. Wajumbe waliondoka mmoja mmoja, wa mwisho saa kumi na moja kasorobo.

.......................... Mwenyekiti

.......................... Katibu